Uchachu si uchafu: kasiksi ya Mugunga haistahili hukumu ya kanyanga

MUGUNGA, Goma – Katika kata ya Mugunga, kando ya barabara inayotoka mjini kuelekea Sake, kuna kinywaji kinachouzwa kwa kikombe na kutukanwa kwa sauti. Kinaitwa kasiksi, pombe ya ndizi. Wanaopita wakiziba pua husema ni kitu kilichooza, ni pombe ya wahami, ni kinywaji cha mtu aliyekosa pesa ya chupa. Na mlevi mmoja akifanya fujo jioni, lawama huangukia bidoni la mama muuzaji, hata kama mlevi huyo alitoka kunywa kitu kingine kabisa.

Hukumu hiyo haina haki. Tena ina hatari. Haina haki kwa sababu inaita ujuzi uchafu. Ina hatari kwa sababu mtaa usiojua kutofautisha kinywaji kilichochacha vizuri na kilichoharibika, utauziwa chochote na utanyamaza.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajawahi kuiona. Mikungu ya ndizi hufika ikiwa mibichi, mara nyingi juu ya chukudu. Hufichwa siku kadhaa ndani ya shimo lililofunikwa majani, hadi ziive zote pamoja. Mugunga, ambako ardhi ni mawe ya Nyiragongo, shimo halichimbiki kirahisi; magunia na majani makavu ya mgomba hushika nafasi yake. Zikiiva, humenywa na kukandwa pamoja na nyasi kavu mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji kidogo, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Chombo hufunikwa, na mama anasubiri siku mbili au tatu.

Katika kazi hiyo yote hakuna hamira ya dukani. Chachu hutoka kwenye maganda ya ndizi, kwenye nafaka, kwenye hewa na kwenye chombo chenyewe kilichotumika wiki iliyopita. Chachu hiyo hula sukari ya ndizi na kutoa kileo pamoja na povu. Pembeni yake hufanya kazi vijidudu vingine, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, na hao ndio wanaoleta ukali ule wa ulimini. Uchachu si dalili kwamba kazi imeharibika. Ni sehemu ya kazi.

Sasa msikilizaji avuke bahari kidogo, aende Ubelgiji, nchi iliyotawala Congo hadi 30 Juni 1960. Karibu na Brussels, katika bonde la mto Senne, kuna bia inayoitwa lambic. Watengenezaji huchemsha ngano na shayiri pamoja na hops, kisha humwaga mchuzi wake wa moto katika sinia kubwa pana la chuma na kuliacha wazi usiku kucha, katika miezi ya baridi, ili hewa ya nje ilete chachu. Hawatii hamira. Mchuzi huingizwa katika mapipa ya mbao na kukaa humo mwaka 1, miaka 2, hata 3. Wakichanganya lambic changa na iliyozeeka, wanapata bia ya povu inayoitwa gueuze. Ni chachu kweli kweli. Mgeni anayeionja mara ya kwanza hukunja uso kama aliyeuma limau.

Wabelgiji hawaoni haya kwa ukali huo. Kiwanda cha Cantillon kule Anderlecht kilianzishwa mwaka 1900 na bado kinapika bia hiyo kwa njia hiyo. Tangu 1978 jengo lake ni jumba la makumbusho pia, na wageni hulipa kuingia kutazama sinia na mapipa. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Vijidudu vya hewani vikifanya kazi Brussels, vinaitwa urithi. Vikifanya kazi Mugunga, vinaitwa kuoza.

Wapo watakaosema mfano huo si sawa, na kwa sehemu wana haki. Lambic huchemshwa kabla ya kuachwa ichache, lakini maji ya ndizi ya kasiksi kwa kawaida hayachemshwi. Lambic husubiri miaka, kasiksi huisha utamu baada ya siku chache. Lakini tofauti hizo haziifanyi kasiksi kuwa takataka. Zinaonyesha tu mahali pa kuangalia: maji, chombo, na siku. Na majirani wameonyesha kwamba inawezekana. Wachagga wa Kilimanjaro wana mbege yao ya ndizi na ulezi, na hawaifichi kwenye sherehe. Rwanda wana urwagwa, na upo unaouzwa ndani ya chupa. Arusha, kampuni ya Banana Investments hutengeneza kileo cha ndizi kiwandani na kukipeleka sokoni kama bidhaa nyingine yoyote.

Hapa ndipo dharau inapoumiza wanywaji wenyewe. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa methali hiyo wanatia kasiksi na kanyanga katika kikapu kimoja. Kanyanga ni kileo cha kuchemsha na kukusanya mvuke. Ni kikali mara nyingi zaidi, na kikipikwa ovyo kinaweza kubeba sumu inayopofusha macho na kuua. Kasiksi haikupitia moto huo. Anayekataza vyote viwili kwa neno moja hamlindi mtu. Anamfanya muuzaji wa kasiksi ajifiche nyuma ya nyumba, na huko nyuma hakuna anayeuliza maji yametoka wapi.

Kinga ya kwanza ya mnywaji ni ulimi wake, na ulimi hufundishwa. Kasiksi nzuri hunukia ndizi mbivu, na nyuma yake harufu ya mtama uliokaangwa, kama moshi mdogo. Ina mapovu madogo yanayopanda. Ukali wake ni wa maziwa yaliyoganda: unaamsha mate pembeni mwa ulimi, kisha unaondoka na kuacha utamu kidogo. Iliyopitwa na siku ina ukali mwingine, wa siki. Unachoma koo na kupanda puani. Hiyo imeingiwa na hewa nyingi, na kileo chake kinageuka siki. Yenye harufu ya yai bovu, yenye utando wa rangi rangi juu, au iliyo tamu tupu kama sukari ya dukani huku ikilewesha haraka, hiyo irudishwe kwa muuzaji bila aibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mama anayejiamini humpa mteja aonje kwanza kabla ya kulipa.

Kuna mambo ya Mugunga ambayo Mbelgiji hahitaji kuyafikiria. La kwanza ni maji. Mji huu unakumbuka mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kuzunguka Goma, na Mugunga ilikuwa mojawapo ya kambi. Uchachu huwasumbua vijidudu wengi wa ugonjwa, lakini si ruhusa ya kuongeza maji ya ziwa yasiyotibiwa. Maji yanayoongezwa yachemshwe yapoe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo na kusubiriwa kabla ya kuchanganywa. La pili ni bidoni: pombe inayochacha hutoa hewa, na kifuniko kikikazwa sana, bidoni huvimba na kupasuka. La tatu ni hewa hiyo yenyewe. Ni hewa ukaa, ileile ya mazuku inayolala kwenye mabonde ya Mugunga na Bulengo na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto. Chombo kimoja si mazuku, lakini pombe isichachishwe katika chumba kilichofungwa wanamolala watu, wala ndizi zisifichwe katika shimo la bondeni ambako mtu atainama kuzitoa.

Makanisa yana neno lao, na ni neno zito. Pombe imevunja nyumba nyingi, na mhami anayepokea kidogo akakimaliza kwenye kikombe amewaibia watoto wake chakula. Hilo ni kweli kwa kasiksi kama ilivyo kweli kwa chupa ya kiwandani. Kasiksi isiyoongezwa maji mengi inaweza kuwa na kileo kuzidi bia ya chupa. Mjamzito na mtoto hawana kikombe chao hapo. Lakini mlevi wa nganda yenye muziki na taa haitwi mchafu, huitwa mteja. Anayetaka kupiga vita ulevi aanze na ulevi, asianze na umaskini wa aliyelewa.

Na nyuma ya bidoni kuna nani? Mara nyingi ni mwanamke aliyetoka Masisi au Rutshuru, aliyeacha migomba yake nyuma. Kambi za kuzunguka Mugunga zilipotolewa watu na kuvunjwa mwanzoni mwa 2025, wapo waliorudi vijijini na wapo waliobaki kwa jamaa au kwa nyumba za kupanga. Shamba halipo, mtaji haupo. Kilichobaki ni ujuzi aliofundishwa na mama yake: siku gani ndizi imeiva sawasawa, saa gani ya kuchuja, harufu gani inasema ngoja na harufu gani inasema uza leo. Mtu akimwambia kwamba ujuzi huo ni uozo, anamnyang'anya kitu cha mwisho ambacho hakikubaki njiani.

Basi yanayodaiwa ni machache. Viongozi wa kata watenganishe kasiksi na kanyanga wanapotoa amri, na watamke jina la kile wanachokataza. Mashirika yanayofundisha wahami kushona na kutengeneza sabuni yaweke pia somo la maji safi na vyombo safi kwa wapika pombe, kwa sababu pombe itapikwa wakifundishwa au wasipofundishwa. Wauzaji wenyewe waandike siku ya kuchuja juu ya bidoni kwa makaa. Ni herufi chache, na zinasema mengi kuliko maneno ya sokoni. Na wanywaji waache kunywa kwa kufumba macho. Wanuse, waonje, waulize maji, wakatae mbaya, walipe nzuri bei yake.

Asiyekunywa asinywe, hakuna anayemlazimisha. Lakini asipite tena akiziba pua na kusema kimeoza, kabla hajajua tofauti ya kuoza na kuchacha.