Likizo Si Wizi

Limezuka katika miji yetu fundisho ambalo halina budi kupingwa. Fundisho hilo lasema kwamba mfanyakazi mwema ni yule anayepatikana wakati wote. Kwamba azimaye simu ya kazi akiwa safarini na watoto wake ni mvivu. Na kwamba mwenye uraibu usioleta fedha anapoteza maisha yake. Wanaolieneza si wajinga. Wengi wao ni watu wa kazi yangu, yaani waandishi wa programu na watunzaji wa mitambo ya kompyuta, na hilo ndilo linikeralo zaidi, kwa maana wao wangestahili kuwa wa mwisho kuliamini.

Tuutazame ufundi wetu wenyewe. Kwetu sisi, mtambo unaoanguka kwa sababu mashine moja imezimika ni mtambo uliojengwa vibaya. Ndiyo sababu nakala za kumbukumbu huwekwa mahali pawili au patatu, na mashine ya akiba hukaa tayari kushika kazi ya mwenzake. Fundi asiyefanya hivyo hukemewa. Walakini ofisi ile ile imkemeayo hujengwa juu ya mtu mmoja ambaye peke yake ndiye ajuaye jambo fulani. Naye akienda likizo hupigiwa simu kila saa, kisha husifiwa kwamba ni nguzo. Nguzo gani hiyo? Hiyo ni kasoro ya ujenzi, na kasoro haiponi kwa kusifiwa.

Najua jawabu litakalotolewa. Litasemwa kwamba M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka wa 2007, hailali, na kwamba anayetaka kulipia dawa usiku wa manane hawezi kungojea Jumatatu. Ni kweli kabisa. Lakini huduma isiyolala haihitaji mtu asiyelala, yahitaji zamu. Wauguzi walilijua hilo kabla ya kompyuta kufika Afrika, na mabaharia walilijua kabla yao.

Siku moja nilisafiri na mke wangu na watoto kwa reli ya kisasa, ile iliyofunguliwa mwaka wa 2017, kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Reli hiyo hukata nyika ya Tsavo juu ya tuta refu, na chini yake kuna vivuko ambamo wanyama hupita. Tembo wa huko ni wekundu, kwa kuwa hujipaka udongo wa nchi ile, na mtoto awaonaye mara ya kwanza hudhani vitabu vyake vya picha vimemdanganya. Tulikuwa dirishani tukibishana kama tulichokiona ni tembo au ni vichuguu, ofisi ikapiga simu. Haikuwa zamu yangu, nikaiacha ilie. Niliporudi nilikaripiwa kwa barua. Nikauliza ni hasara gani iliyopatikana. Nikajibiwa kwamba mwenzangu alilimaliza jambo lile kwa robo saa, lakini nilitazamiwa kuonyesha moyo. Hapo ndipo fundisho lile lilipojivua nguo. Haikutakiwa kazi pale, ilitakiwa ibada.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12, na siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Hiyo si sadaka. Ni sehemu ya ujira, sawa na shilingi. Mwajiri akatae shilingi mia za mtumishi pasipo haki ataitwa mwizi. Ya nini basi akataye saa tatu za likizo yake aitwe mchapa kazi? Ufaransa, tangu Januari mwaka wa 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi hutakiwa kupatana nao juu ya haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua za kazi nje ya saa za kazi. Muswada wa namna hiyo ulipoletwa kwetu mwaka wa 2022, waajiri waliupinga.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba ugomvi huu ni wa wazee wenu tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na sheria haikatazi jambo ambalo hakuna anayelitenda. Kijana aliyezoeshwa kwamba likizo ni deni ataitetea vipi atakapokuwa mtu mzima?

Limebaki suala la uraibu, neno lililoonewa sana, kwa kuwa hutumiwa pia kwa tambuu na tumbaku. Ningeweza kuutetea kwa urahisi. Katika mwaka wa 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kwa kujifurahisha tu kuandika kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta. Kiini hicho, Linux, leo kimo ndani ya kila simu ya Android. Hoja hiyo yatosha kumnyamazisha bwana yeyote wa ofisi.

Lakini siitaki. Nikiutetea uraibu kwa faida yake nitakuwa nimekubali kwamba usio na faida hauna haki ya kuwapo, na hayo ndiyo wanayoyasema wao. Mimi hutengeneza redio kuukuu. Meza yangu imejaa vipaza sauti vilivyopasuka na visu vya kukwangua kutu; redio nyingine zimelia tena, nyingine hazitalia kamwe, na binti yangu huzipa majina ya shangazi zake kwa kadiri ya makelele yao. Majirani huniuliza kwa nini sifungui duka. Huwajibu kwamba nina kazi tayari.