Diski ikitolewa kimakosa, haraka ndiyo inayoua data

Katika biro moja hapa Kasongo nilimkuta fundi ameketi sakafuni, diski mbili mkononi, jasho linamtoka. Seva ilikuwa na diski nne, na moja ilikuwa imekufa. Mashine ilimwambia ni diski namba 2, naye akachomoa ya pili. Alisahau kwamba mashine huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo namba 2 ni ya tatu. Seva ilipozima akababaika, akachomoa na nyingine. Nyuma yake shefu alikuwa anapiga kelele: « Fanya haraka! »

Ndani ya seva ile mlikuwa na orodha za wagonjwa za miaka kadhaa.

Ndugu msomaji, kuchomoa diski nzima ni kosa, lakini hakufuti kitu. Data hupotea kwa kile kinachofanywa saa moja baadaye, kwa woga na kwa kushurutishwa.

Tueleze kidogo. Mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja unaitwa RAID. Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha California, Berkeley, waliueleza mwaka 1988. Katika aina inayoitwa RAID 5, diski moja ikifa, zilizobaki zinabeba mzigo wake. Zikikosekana mbili, yote inasimama. Lakini kusimama si kufa. Kwenye Linux, kila diski inabeba alama yake: nafasi yake katika kundi, na hesabu ya mabadiliko iliyoyaona mara ya mwisho. Hesabu hizo zikiwa zinakaribiana, programu ya mdadm inaweza kuziunganisha tena, hata kwa kulazimishwa.

Kinachoangamiza ni amri ya kuunda kundi upya. Mwenye haraka huikimbilia kwa sababu inaonekana kama njia ya mkato. Amri hiyo huandika alama mpya juu ya zile za zamani, na ukikosea mpangilio, mashine inaanza kuandika juu ya data yenyewe. Hapo kilio kinaanza.

Fundi wetu alimpigia simu mwenzake wa Kindu. Jibu lilikuwa fupi: usiguse kitu. Wakazima seva, wakaandika kwenye karatasi namba iliyo juu ya kila diski, wakarudisha kila moja mahali pake, wakasoma alama bila kuandika chochote. Ndipo wakaunganisha diski tatu nzima, wakafungua data kwa kusoma tu, wakainakili kwenye diski ya nje. Ile iliyokufa ilibadilishwa mwisho. Orodha zilipona.

Kosa la namna hii linawapata hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva iliyo hai akidhani yuko kwenye seva nyingine. Njia kadhaa za akiba zilikuwa hazifanyi kazi. Walipoteza data ya saa sita hivi, lakini hawakuficha: walieleza kosa hadharani na kuonyesha kazi ya kuokoa moja kwa moja kwenye intaneti.

Kwetu sisi, orodha si karatasi tu. Miaka ya 1970, waganga na watafiti wa Kasongo walifuata watoto waliochanjwa surua, wakaandika kwa uangalifu nani aliishi na nani alifariki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, na ulimwengu ukajifunza kutoka Kasongo. Bila daftari zile, hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo nasema wazi kwa wanaotuletea mashine, na kwa mashefu wa biro zetu. Moja: kila diski ibandikwe namba yake kabla haijaharibika, na orodha iwekwe kwenye karatasi kando ya seva. Mbili: RAID si akiba. Moto, wizi au uporaji huchukua diski zote nne kwa pamoja, na watu wa Kabambare wanaujua uporaji bila kufundishwa. Nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Tatu: fundi akikosea, mpeni kiti na maji, msimpe vitisho. Anayeogopa kufukuzwa ataficha kosa na kujaribu peke yake usiku, wakati mazuti ya jenereta yanaisha.

Mjini mkubwa fundi wa pili yuko mtaa wa pili. Kwa mtu wa Kabambare, fundi wa pili ni safari ya pikipiki. Basi tujifunze kusubiri. Diski iliyolala juu ya meza siku tatu haipotezi kitu.