Dada Anataka Coaster, Jamaa Anataka Gari la Ulaya: Kwa Safari ya Katavi, Dada Yuko Sahihi

Kuna kapo moja ya mjini, majina hayahitajiki, wenye macho wameshawajua. Wiki nzima wanavutana hadharani kuhusu gari-nyumba: gari lenye kitanda, jiko na choo, waishi humo humo wakizunguka nchi na kurekodi maisha yao. Safari ya kwanza ni Mpanda, nyumbani kwao dada, kisha Hifadhi ya Katavi. Hela wanachanga wote wawili, na mchango wa dada umetoka kwenye kiwanja alichouza. Kwa hiyo wanaosema hiyo ni kiki tu wapunguze mdomo kidogo. Kiwanja kikishauzwa ndiyo basi tena.

Jamaa anataka Fiat Ducato, van ndefu ya Ulaya, ipigwe rangi nyeusi isiyong'aa. Dada anataka Toyota Coaster iliyotumika, yenye injini ya 1HZ. Komenti zikamshukia: "gari la msiba", "gari la shule", "konda yuko wapi". Watu wamecheka mpaka basi, ila ukikaa ukapiga hesabu, mwenye akili hapo ni huyo huyo anayechekwa.

Uanze na injini, maana kitanda hata fundi seremala wa mtaani atakibadilisha. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, pistoni sita, haina tabo, na pampu yake ya mafuta haisubiri amri ya kompyuta. Na ndiyo injini hiyo hiyo iliyo kwenye Land Cruiser mkonga nyingi zinazohangaika kwenye barabara mbovu za nchi hii. Sasa fikiria Mpanda, mji ulio pembeni mwa hifadhi, ambako mkonga si gari la maonyesho bali ni la kazi. Fundi wa pale ameshaifungua 1HZ mara nyingi kuliko alivyofungua simu yake. Spea ikikosekana dukani, kuna mkonga bovu nyuma ya gereji ya mtu.

Ducato si gari baya, jamani. Ulaya ndiyo linapendwa sana kwa kazi hii. Lakini dizeli zake za kisasa zinapulizia mafuta kwa presha kubwa inayosimamiwa na kompyuta, na zinachukia mafuta machafu. Nenda kijijini ukute dizeli inauzwa kwenye madumu, weka moja yenye maji, halafu utafute wa kukusomea taa iliyowaka kwenye dashibodi. Tena linavutwa na matairi ya mbele, wakati tangi la maji, betri na friji umevijaza nyuma. Lita 200 za maji ni kilo 200 hizo, bado mabegi ya nguo.

Kwenye lami hakuna shida, na siku hizi ukitoka Dar kupitia Tabora unafika Mpanda juu ya mkeka. Kasheshe ni ukiacha lami. Udongo mweusi wa mbuga za Katavi kiangazi ni mgumu kama saruji, umepasuka pasuka. Zikishuka mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, ni uji. Na hapa mashabiki wa dada wasijitie upofu: Coaster ya kawaida inasukumwa na matairi ya nyuma tu, kwenye uji huo nayo inalala. Mpango wa maana ni kwenda kati ya Juni na Oktoba, kupaki Sitalike, kisha kukodi mkonga wa kuingia nao Katisunga na Chada. Hata hapo Sitalike, viboko waliorundikana mto Katuma kiangazi wanatosha kujaza simu.

Kuna waliopendekeza Canter. Ngumu, mafundi wapo, ila springi zake zinarusha, na kabini imetengana na boksi la nyuma. Usiku tembo akianza kukwaruza bodi, utoke nje uzunguke mpaka kwenye usukani? Wenye Noah na Alphard tuwaache na pikiniki zao za Bagamoyo.

Dada naye asinunue Coaster kwa macho. Si zote zina 1HZ. Za miaka ya karibuni zina N04C, na hiyo mafuta yake yanasimamiwa na kompyuta vilevile. Afungue, asome namba ya injini. Mkanda wa taimingi, kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, ubadilishwe kabla hata ya kufika Chalinze. Na ajiandae kupitwa na malori mlimani, maana injini isiyo na tabo ikibeba nyumba haikimbii.

Halafu ile rangi nyeusi. Katavi ina mbung'o wa kutosha, na mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Jamaa anataka kulala ndani ya mtego wa mita sita. Nyeupe ya Coaster iachwe hivyo hivyo, stika zitatosha.

Limebaki moja ambalo hakuna aliyeligusa katika komenti zote hizo: kadi ya gari itasomeka jina la nani? Aliyeuza kiwanja aulize hilo kabla ya kuulizia bei.