Maswali ya mshauri nasaha si maswali ya mpakani

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliorejea nchini baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na ninyi mnaovuka Bariyeri Ndogo kila alfajiri na mizigo kichwani, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu: kwenda kumwona mshauri nasaha kwa mara ya kwanza.

Hapa Rubavu neno ihahamuka linajulikana na kila mtu. Kila mwaka mwezi wa Aprili, tunapokumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, tunaona watu wakizidiwa na kubebwa. Huyo tunamhurumia. Lakini yule asiyepiga kelele, anayekesha macho wazi, anayegombana na mteja kwa faranga hamsini, huyo tunasema ana roho mbaya, basi.

Mama mmoja tunayeuza naye sokoni alishauriwa aende kituo cha afya. Alikwenda siku moja tu. Aliporudi alituambia: "Ameniuliza maswali kama mtu wa uhamiaji, halafu hakunipa hata kidonge kimoja." Hajarudi mpaka leo, na usingizi bado hapati.

Mimi simlaumu. Fikirini mtu aliyetoka Mugunga Novemba 1996, au aliyefukuzwa Tanzania mwaka 2013 akaacha ng'ombe na shamba. Amekwisha kuulizwa mara ngapi ametoka wapi, alikuwa na nani, kwa nini aliondoka? Kameuliza askari, kameuliza karani wa kambi, na kila mara jibu baya lilikuwa na adhabu yake. Sasa anaingia katika chumba kidogo, mlango unafungwa, na mtu mwenye daftari anaanza upya maswali yale yale.

Nilipokwenda mimi niliulizwa kuhusu usingizi, chakula, pombe, watu ninaoishi nao, na kama nimewahi kufikiria kujiua. Swali hili la mwisho humshtua mtu, lakini huulizwa kila mgonjwa, wala halimaanishi kwamba umeonekana kichaa. Tofauti na mpakani ni moja, nayo ni kubwa: hapa una ruhusa ya kusema "hilo bado siwezi kulisema", na hakuna atakayekurudisha nyuma. Mshauri mzuri atangoja. Siku ya kwanza hulazimiki kusimulia vita yote.

Wengi huogopa maneno yao yasije yakavuka mpaka kabla yao, yakafika kwa majirani au kwa wenzao wa likelemba. Mshauri anabanwa na siri ya kazi yake. Siri hiyo huweza kuvunjwa, kwa mfano pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na mwulizeni hayo mwanzoni kabisa, kabla hamjasema lolote. Ni haki yenu.

Kuhusu kidonge: wapo wanaohitaji dawa, nao hupelekwa kwa daktari, pengine hospitali ya wilaya au Ndera. Lakini mazungumzo yenyewe ni tiba, na ni tiba ya wiki nyingi. Tena niseme bila kuficha, baada ya mara ya kwanza au ya pili mtu anaweza kurudi nyumbani amechoka kuliko alivyokwenda, na ndoto zikamjia kwa nguvu. Hapo ndipo wengi huacha, wakati ndipo ilipofaa kumwambia mshauri kwamba hali ni hiyo, ili apunguze mwendo.

Asiyeweza kukaa peke yake na mtaalamu ana njia nyingine. Tangu mwaka 2005, ilipoanzia Byumba, tiba ya vikundi iitwayo Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye, imeenea sehemu nyingi za nchi. Watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki kwa saa tatu, wiki kumi na tano. Hawaanzi na machungu. Wiki za mwanzo ni za kujenga usalama na kuaminiana, kumbukumbu nzito huja baadaye. Kwa watu waliozoea kukaa pamoja sokoni, mimi naona njia hii inawafaa kuliko chumba na daftari.

Ila wiki kumi na tano kwa mchuuzi ni mzigo. Akikosa siku ya soko, watoto hawali. Kwa hiyo wakuu wa vituo vya afya vya mpakani nawaomba mambo mawili. Wapangieni wachuuzi saa za alasiri, wanapokuwa wamekwisha kuvuka kurudi. Na siku ya kwanza, kabla ya swali la kwanza, mtu aelezwe kwa nini anaulizwa, majibu yataandikwa wapi, nani atayasoma. Dakika tano zinatosha.

Na wewe uliyekulia Kigoma au Bukavu, ambaye Kinyarwanda chako ni cha kununulia nyanya tu, omba kuhudumiwa kwa Kiswahili. Kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Kama mshauri uliyepewa hakijui, uliza kama yupo mwenzake anayekijua, upangiwe siku yake.