Tusiishutumu Mota Upesi
Mashine ya useremala ya Shopsmith, iliyobuniwa na Hans Goldschmidt, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1947. Kwa mota moja tu hupasua mbao, hukereza, hupiga msasa na hutoboa. Mashine za namna hii zinapogoma, aghalabu mota ndiyo hushutumiwa kwanza. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno.

Katika aina iitwayo Mark V, mwendo hubadilishwa kwa puli ambazo pande zake hukaribiana na kuachana, na mkanda ukapanda au kushuka baina yao. Unga wa mbao ukigandamana na mafuta machafu, puli hukwama. Mwenye pupa huzungusha kirungu cha mwendo hali mashine imezimwa, akavunja kisichokuwa na kosa. Mwendo hubadilishwa mota ikizunguka. Yafaa kwanza kuchomoa plagi, kufagia vumbi, kutia matone machache ya mafuta mepesi, kisha kupima meza kwa guni.

Hatari iliyo kubwa zaidi haitokani na uchakavu. Mizunguko 3,500 kwa dakika hufaa msumeno wa duara wa sentimita 25, ambao ukingo wake huenda mita 46 hivi kwa sekunde. Gogo pana, lisilo na mizani, likifungwa kwenye kerezo kwa mwendo ule ule ulioachwa na msumeno, laweza kumrukia mkerezaji usoni. Hapa mwalimu wa fizikia asimwachie fundi somo: wanafunzi na wakokotoe mwendo wa ukingo kabla ya kugusa swichi, nao warudishe mwendo chini kabla ya kuizima.