"Ni Jino Tu"



Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni kuzama katika Ziwa Mweru kwa mtungi wa hewa, aling'olewa gego la juu. Siku ya tatu msimamizi alimwita arudi majini huko Nchelenge. Injini ya mashua mojawapo ya zile zinazovusha watu kwenda visiwani ilikuwa imezama, na mwenyewe aliitaka upesi. Mwenzetu alipoomba muda, aliambiwa: "Ni jino tu. Na ziwa lenyewe hapa halina kina." Alikataa, akakatwa mshahara wa siku sita.

Wako waliocheka waliposikia habari hii. Sisi hatucheki. Kauli ile ina makosa mawili, nasi tutayaeleza yote mawili, kwa sababu mfanyakazi asiyejua sababu hana la kumjibu msimamizi.

Kwanza, jino. Jino liking'olewa, tundu lake hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa kifuniko cha mfupa. Donge hilo likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake huweza kupita yale ya jino lenyewe. Sasa mzamiaji hufanya nini? Hung'ata kipande cha mpira na kuvuta hewa kwa kinywa muda wote alio chini. Kule kuvuta kwaweza kuling'oa donge. Magego ya juu yana hatari nyingine, kwani mizizi yake iko karibu na uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Mara nyingine jino likitoka hubaki njia kati ya kinywa na uwazi huo, na uchafu hupita.

Hata aliyezibwa jino asijidhani yu salama. Hewa kidogo ikibaki chini ya kizibo, hubanwa mtu anaposhuka na kutanuka anapopanda. Jino huuma vibaya, na mara nyingine hupasuka. Marubani wa Vita Kuu ya Pili waliyajua maumivu hayo huko angani. Lakini mzamiaji akishikwa nayo chini ya maji aweza kushtuka akapanda mbio huku amebana pumzi, na jambo hilo hupasua mapafu. Mtu hufa hivyo.

Pili, kina. Ni kweli, Mweru si Tanganyika. Tanganyika hupita mita 1,400, na Mweru penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 27 tu. Lakini hewa haingoji kina kikubwa. Baharini, ukishuka mita 10 hewa hubanwa ikabaki nusu. Ukishuka 10 nyingine hubaki theluthi. Badiliko kubwa, basi, ni lile la mwanzo. Tena Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo badiliko hilo huzidi kidogo lile la baharini. Kwa jino ambalo halijapona, maji mafupi si kinga.

Angoje muda gani? Mwenye neno hapa ni daktari wa meno. Kwa jino lililotoka bila shida, muda wa kawaida ni wiki moja au mbili. Palipofunguka njia ya kwenda kwenye uwazi wa shavu, au palipopasuliwa mfupa, ni wiki sita au zaidi. Kidonda kiwe kimefunga, dawa za kulewesha ziwe zimekwisha mwilini, na mpira ung'atwe bila maumivu.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira ya Zambia, Na. 3 ya mwaka 2019, inampa mfanyakazi mgonjwa likizo yenye malipo akileta cheti cha daktari. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki.

Lakini jambo linalotuhangaisha zaidi ni hili. Tangu mwenzetu akatwe mshahara, wengine wamejifunza kuficha. Mmoja ana jino limeoza, wala haendi hospitali, kwa kuwa anaogopa kupoteza siku. Anashuka nalo hivyo hivyo. Mwajiri anadhani ameokoa siku sita, kumbe amejinunulia mzamiaji mgonjwa asiyesema.

Nanyi wa mashamba ya chai na wa viwandani msiseme haya ni ya watu wa ziwani. Mchumaji anayeinama juani na fizi ikivuja damu, na mtu wa mashine anayesinzia kwa dawa ya maumivu, wote huambiwa neno lile lile: ni jino tu.

Tunataka mambo matatu. Cheti cha daktari wa meno kiheshimiwe kama cha mvunjika mguu. Mzamiaji anayepona apewe kazi ya nchi kavu, kama kujaza mitungi au kushika kamba ya mwenzake, kwa mshahara wake kamili. Na mwenzetu arudishiwe siku zake sita.

Kila tawi lilizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao. Kidole kimoja hakivunji chawa.