Kijahazi cha Mezani Kishushwe Majini

Hapa Dodoma jahazi tunalolifahamu vizuri ni moja tu: lile la mezani. Limepakwa vanishi, limegandishwa juu ya kibao, tanga lake kavu kama kadibodi, na chini kuna kibati cha kumuaga mstaafu au kumshukuru mgeni rasmi. Haliendi popote. Ukilitia kwenye beseni linalala ubavu, maana aliyelichonga hakuagizwa litembee. Aliagizwa lipendeze.

Sina ugomvi na mchongaji, ana watoto wa kulisha. Ugomvi wangu ni na sisi wanunuzi. Tumekubaliana kimyakimya kwamba chombo kidogo ni ama pambo la mkubwa ama mchezo wa mtoto, na katikati hapana kitu. Lakini katikati kuna kitu, tena kikubwa: chombo kidogo kinachosafiri kweli, chenye mkuku, usukani na tanga linaloshika upepo, na siku hizi chenye rimoti ya kukiongoza ukiwa umesimama ukingoni. Nasema kichukuliwe kwa uzito, kiingie shuleni, na hata huku bara kianze.

Najua nitakachojibiwa. Wewe mtu wa Kikuyu, bahari umeijulia wapi? Na hayo si mambo ya watoto? Haya, tuanze na hilo la watoto.

Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili wa kaskazini, Lamu na visiwa vyake. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Ulitoweka katika karne ya 20, na leo hakuna mtepe mzima wa kale uliobaki popote. Sasa jiulize, tunajuaje umbo lake? Kwa picha chache, kwa maandishi ya watu waliouona, na kwa mitepe midogo iliyotengenezwa na mafundi wa zamani, ile inayotunzwa makumbusho, ikiwemo ya Lamu. Yale tunayoyaita madoli ndiyo yaliyobaki kutoa ushahidi wakati vyombo vyenyewe vimekwishaoza. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mpya wa ukubwa kamili, ukawekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Hapo kuna somo: ujuzi ukiufungia katika nyumba moja, siku nyumba ikianguka roho zinakuruka. Ukiwa mikononi mwa vijana mia, hauangukiwi na paa.

Wala si sisi peke yetu tunaodaiwa na vyombo vidogo. Mwingereza William Froude, katika miaka ya 1860 na 1870, alitengeneza meli ndogo na kuzivuta majini ili ajue meli kubwa itapata ukinzani kiasi gani kabla haijajengwa. Baadaye alijengewa bwawa maalumu la kazi hiyo huko Torquay, na vielelezo vyake akavitengeneza kwa nta. Mtu mzima, mhandisi, anacheza na vimeli vya nta! Wanaojenga meli duniani mpaka leo wanaifuata njia yake.

Na huku kwetu nenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa madogo. Utakuta ngalawa ndogo zikishindanishwa, na si watoto peke yao wanaozikimbilia. Hazina rimoti. Mwenye ngalawa anapima upepo, anafunga demani kwa kadiri anayoona, anaweka usukani, anaachia. Akikosea, chombo kinageukia kwingine na wenzake wanamcheka. Kila mara anapokiokota na kulegeza kamba kidogo anafanya jaribio la fizikia, na matokeo anayaona palepale. Wangapi kati yetu tuliokaririshwa nguvu na mwendo ubaoni tuliwahi kupata jibu kwa haraka hiyo?

Rimoti haiondoi akili hiyo, inairefusha. Chombo cha tanga cha rimoti kinahitaji mambo mawili tu: mota ndogo moja ya kugeuza usukani, na nyingine ya kukaza na kulegeza demani. Hakina injini. Betri inavuta kamba, lakini mwendo wote unatoka kwa upepo. Ndiyo maana nacheka nikiona watu wakikifananisha na vile vigari vya plastiki vya dukani vinavyokufa baada ya wiki. Kigari unabonyeza, kinakwenda. Huku ukitaka kwenda upepo unakotoka lazima ubishe, upande huu kisha upande ule, na kama hujui kubisha hakuna kitufe cha kukuokoa.

Kujenga nako si kupunguza vipimo tu. Chukua jahazi, ligawe kwa kumi kila upande, lishushe majini kwenye upepo uleule. Litapinduka. Kwa nini? Eneo la tanga limepungua mara mia, lakini uzito wa chombo umepungua mara elfu. Tanga bado lina nguvu, farumi haina. Ndiyo sababu mashua za kimataifa za daraja la mita moja, zilizoanza mwaka 1988, zina uzito usiopungua kilo 4, na zaidi ya nusu ya uzito huo uko chini kabisa, kwenye bawa la mkuku na risasi iliyoning'inizwa nchani mwake. Mwanafunzi aliyelivunjia kichwa jambo hili wiki mbili hatasahau maishani tofauti ya mraba na mchemraba.

Halafu kuna fumbo letu wenyewe. Mashua hizo za Wazungu zina tanga linalopita lenyewe kutoka upande mmja kwenda mwingine. Jahazi lina foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na likibadili upande mabaharia wanauzungusha mbele ya mlingoti kwa mikono. Kwa mota mbili utafanyaje? Ukiiacha foromali upande mmoja, basi kila ukigeuka tanga litagandamizwa na mlingoti na chombo kitapoteza mwendo. Uongeze mota ya tatu? Ubadili mahali pa kufungia? Mimi ningependa jibu litoke Bagamoyo, Kilwa au Veta ya mkoa fulani, si kuletwa kwenye boksi.

Sasa hilo la bahari. Hili ni jiji ambalo jina lake, kwa simulizi ya Wagogo, linatokana na tembo aliyezama topeni: idodomya, amezama. Watu waliojiita kwa kitu kilichozama wangekuwa wa kwanza kutaka kujua kitu kinaeleaje. Na maji yapo. Bwawa la Hombolo lipo tangu miaka ya 1950, na Mtera iko mpakani na Iringa, wavuvi wanaishi kwayo. Upepo ndiyo kabisa, anayebisha aanike shuka bila vibanio mwezi wa nane. Tena maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, kwa hiyo rimoti inamfaa sana mtoto wa bara: chombo kinaingia majini, yeye anabaki nchi kavu.

Hoja ya pesa naiheshimu zaidi. Rimoti na mota zinaagizwa, na si kila shule ina hela. Lakini chombo kimoja kwa darasa zima kinatosha, rimoti moja inaweza kuhama kutoka chombo hadi chombo, na kuanza unaweza kuanza kama Jambiani, bila rimoti kabisa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imetuletea mkondo wa amali sekondari. Vizuri. Basi tusiishie kwenye stuli na madirisha ya geti. Chombo kimoja cha tanga kina useremala, ushonaji, umeme, hesabu na historia ndani yake. Nitajie stuli yenye yote hayo.

Na kama bado unaona ni mchezo, sikiliza hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Sisemi kijahazi cha shule kingewaokoa, wala sisemi walikosa elimu: abiria anayewahi nyumbani hana chaguo, na kuzuia chombo kisizidishwe ni kazi ya wenye mamlaka. Lakini nchi yenye maziwa matatu makubwa na bahari inahitaji wananchi wanaojua kwa mikono yao maana ya uzito kukaa juu au kuhamia upande mmoja. Mtu aliyewahi kurundika mizigo juu ya chombo chake kidogo akakiona kinalala, ana swali la kumuuliza nahodha. Na mkaguzi aliyekulia kwenye swali hilo ni vigumu kumwambia "kitafika tu".

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani: uende nyuma uende mbele, mwisho utarudi tumboni mwa chombo. Sisi tumepamba tezi, tumepamba omo, tumepaka vanishi, na ngama haina kitu. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku nyingine kamati ya kuaga ikikaa kuchagua zawadi, imwambie fundi: tunataka linaloelea. Achonge ndani, aweke farumi, tanga liwe la kitambaa. Atadai zaidi, na alipwe. Mstaafu naye, badala ya kulifuta vumbi, alipeleke Hombolo na wajukuu. Likipinduka, ndiyo kwanza somo limeanza.